Miti Ndani ya Friji ya Maziwa

"Toa hiyo kitu yako kwa friji yangu, Mwalimu. Leo. Si kesho, leo."

"Ambiyo, nipe wiki mbili tu."

"Wiki mbili Ramadhani itakuwa imeingia! Maziwa nitaweka wapi? Kwa kichwa yako?"

"Miti haijalala ikatosha."

"Si ilale kwako! Wewe huna kitanda?"

Nilikuwa upande wangu wa ukuta nikikaanga mandazi. Niliposikia neno kitanda nikaepua karai nikatoka na mwiko mkononi. Ugomvi wa majirani hausikilizwi kupitia ukutani, utakosa nyuso.

Duka la Ambiyo na hoteli yangu zinagawana ukuta mmoja hapa sokoni Kyuso. Yeye ni mama muuza maziwa ya ngamia. Mimi nauza chai, mandazi, chapati, ndengu, na habari, ila habari hazina bei. Friji yake ni ile ndefu ya mlango wa kioo, ya kuwekea soda, ameisimamisha pale mbele ili mteja aone maziwa kabla hajauliza. Sasa katikati ya mitungi ya manjano mteja alikuwa anaona miti miwili. Mifupi, mikavu, haina jani hata moja, imekaa kwenye vyungu bapa kama sahani. Ungedhani ni kuni za kuwashia jiko ambazo mtu amezihifadhi zisiharibike.

"Jana mteja ameniuliza kama hiyo ni dawa," Ambiyo akaniambia, maana sasa alikuwa amepata hakimu. "Leo asubuhi mwingine ameuliza kama nimerogwa. Mama Kyule, wallahi, kesho wataniuliza nani amezikwa humo."

"Haina harufu," akasema Mwalimu Kitonga.

"Mimi sijasema harufu! Nimesema aibu!"

Mwalimu akafunga kifungo cha shati kilichokuwa tayari kimefungwa. Ndivyo alivyo. Si mtu wa hapa kwa kuzaliwa. Ni Mkamba wa kule juu Makueni, Nunguni, milima ya Kilungu, ambako mtu anavaa sweta mwezi wa saba na bado anatetemeka. Alitumwa Kyuso kufundisha kilimo, akafundisha mpaka akastaafu, na kila mwembe wa kuunganishwa unaouona kutoka hapa mpaka Tseikuru umepitia mikono yake au ya mtu aliyemfundisha. Anaheshimiwa sana. Lakini heshima haikai na mtu jioni. Ikifika saa moja anakuja kwangu na bakuli lake la kifuniko, ananunua chapati mbili na ndengu, anasema asante, anaenda kula nyuma ya geti lake la mabati. Nimemvutia kiti mara ngapi?

"Keti, Mwalimu, chai ni juu yangu."

"Siku nyingine, Mama Kyule."

Mimi kwangu hata mbwa wa jirani ana mahali pake. Mtu anayekula peke yake kila siku na si mgonjwa, kwanza namwogopa kidogo, halafu namwonea huruma, halafu naanza kuuliza watu.

Niliyoyapata kwa kuuliza ni kwamba Mwalimu anafuga miti midogo. Anaiita bonsai. Unauchukua mti, unapunguza mizizi, unakata matawi, mengine unayafunga waya yapinde unavyotaka, na baada ya miaka una mti mzee unaokufika magotini. Migunga ya hapa inakubali maisha hayo bila shida, imezoea kunyimwa. Lakini hii miwili ya friji ilikuwa mepo, mti wa Japani, na mepo ni mgeni wa kudekezwa. Upepo wetu unaukausha majani pembeni yanakuwa kama karatasi iliyopitiwa na moto. Maji ya kisima hauyataki kwa sababu ya chumvi. Kwa hivyo Mwalimu alikuwa anaunywesha maji ya mvua kutoka kwa tangi, na yeye mwenyewe anakunywa yale ya chumvi. Hayo niliambiwa na mama anayemfulia nguo, na huyo hadanganyi. Hata udongo wake si udongo, ni vikokoto vya milima ya Chyulu anavyoletewa na madereva wanaopitia Makindu, anavichekecha kwa kichungi cha chai.

Lakini shida kubwa ni baridi. Mepo lazima ilale. Ikae bila majani, ipate baridi wiki nyingi, ndipo iamke na majani mapya yenye rangi yake ya kweli. Bila usingizi huo inaburuta tu majani ya kijani yaliyochoka, mwaka baada ya mwaka, na huwezi kusema kwa hakika ni aina gani. Sasa Kyuso utatoa wapi baridi? Mwalimu akaangalia soko lote, akaona friji ya Ambiyo. Kabla ya Krismasi ukame ulikuwa umewapeleka ngamia mbali, maziwa yalikuwa kidogo na rafu zilikuwa tupu. Akaitoa miti yake majani yote kwa mkono, moja moja, akaja na vyungu vyake kuomba. Ambiyo akakubali kwa sababu Mwalimu alikuwa amemfundisha kijana wake Mowlid, na kwa sababu, anasema, alidhani ni mambo ya siku mbili.

Sasa Ramadhani ilikuwa inagonga mlango. Mwezi huo maziwa ya ngamia hayatoshi hata ukiwa na friji tatu.

"Niambie sababu," Ambiyo akasema, sauti imeshuka kidogo. "Mimi si mtu mbaya. Lakini mti kwa friji lazima uko na sababu. Nipe sababu nifikirie."

Mwalimu akatuangalia. Tulikuwa tumeshakuwa wengi. Mimi, Ambiyo, Mowlid ambaye siku hizi ana kibanda chake cha kutengeneza simu, Musyoka wa maembe, na wateja ambao hawakutaka tena maziwa, walitaka mwisho wa maneno.

"Huu mdogo ni wa kujaribia," akasema. "Huu mkubwa ni wa mke wangu."

Aiya! Mke! Miaka yote tuliyomjua, tumemwozesha na kumtalikisha vichwani mwetu, tumemfanya mjane, tumesema aliachwa, tumesema hakuwahi kuoa. Kumbe alikuwa na mke mzima, anaitwa Wavinya, yuko Nunguni anapalilia kahawa na kuimba kwaya.

Alituambia akiwa amesimama, macho kwenye kioo cha friji. Mti ule waliununua Limuru wakiwa vijana, ukiitwa Deshojo, na jina hilo ni la aina ambayo majani yake machanga hutoka mekundu kabisa, mekundu ya pilipili iliyoiva. Wakauweka mlangoni Nunguni. Kila mwaka baridi na ukungu wa mwezi wa saba vikipita, mti unaamka mwekundu na watu wa kanisa wanakuja kupiga picha. Halafu Mwalimu akapata uhamisho wa Kyuso. Wavinya akasema haji. Jua la nini? Maji ya chumvi ya nini? Wakabishana, mwisho Mwalimu akasema basi anaenda na mti. Na Wavinya akamwambia, "Nenda nao. Siku huo mti utatoa majani mekundu huko Kyuso, nipigie simu. Nitakuja na virago vyangu tuishi."

"Sasa?" Ambiyo akauliza.

"Sasa haujawahi."

"Na ulipostaafu, si ungerudi tu nyumbani?" Musyoka akauliza.

Musyoka ni mwanaume, alikuwa anajua jibu. Ulisema utaweza, hukuweza, utaingiaje kwa geti na mti wa kijani mkononi? Miaka ikapita. Sitaihesabu kwa niaba yake.

Ambiyo akavuta shuka yake begani. Akafungua friji. Akatoa ule mti mdogo akamkabidhi Mwalimu kama mtoto aliyejikojolea.

"Huyu aende. Huyo wa mama abaki chini kwa kona. Siku ya kwanza ya mfungo namtoa, na hapo usiniletee machozi."

Basi habari ikatoka pale ikatembea. Ilifika kwa wauza mbuzi, ikafika kwa fundi wa pikipiki, ikafika kanisani kwetu kabla ya Jumapili. Sitasema nani aliibeba. Watu wakaanza kupita kuchungulia friji. "Bado amelala?" "Bado." Wateja wa Ambiyo wakaongezeka na malalamiko yakaisha ghafla. Akina mama wa kanisa wakaanza kugawana Wavinya ambaye hawajamwona: huyu anasema atamchukua kwaya ya sauti ya kwanza, yule anasema atamwonyesha mahali pa kununua kuku wasiodanganya uzani. Mimi nilishamchagulia benchi la karibu na dirisha, maana mtu wa Nunguni lazima atataka upepo.

Na Mwalimu? Mwalimu akapaka mlango rangi. Siku moja alipokuja na bakuli lake alisimama zaidi ya kawaida.

"Mama Kyule, pazia za siku hizi ni za rangi gani?"

"Inategemea ni za kuzuia jua ama za kumfurahisha mtu."

Akafikiri. "Zote mbili."

Nikamwambia rangi ya maziwa yenye maua madogo. Akaenda Mwingi kuzitafuta.

Ule mti mdogo ndio uliotutia wazimu zaidi. Siku chache tu nje ya friji, chini ya wavu wa kivuli, ukaanza kutoa vichipukizi, na majani yalipofunguka yakawa yamekunjamana, yamebanana, kama ngumi za mtoto. Mwalimu akaja nao kwenye veranda yangu, uso umefunguka jinsi sijawahi kuuona.

"Mnaona? Hii ni Shishigashira. Watu wengi wanatambua mepo kwa rangi peke yake, wanakosea. Kwanza hesabu vidole vya jani, ni vitano au saba. Halafu angalia kingo, angalia kikonyo, angalia majani yamesongamana vipi kwenye tawi. Hii imejikunja yenyewe, si ugonjwa. Ni aina yake. Japani jina hilo ni kichwa cha simba."

"Huyu simba amenyolewa vibaya," akasema Mowlid, tukacheka, na Mwalimu akacheka. Nilimwona kwa macho yangu.

Kwa hivyo friji ilikuwa inafanya kazi. Kama huo wa kujaribia uliamka ukasema jina lake, huo mkubwa ungekataa kwa nini?

Mfungo ulipoingia Ambiyo akautoa kama alivyosema, na hakukuwa na machozi. Mwalimu akaupeleka kwake, lakini asubuhi, kabla jua halijawa kali, alikuwa anauleta kwenye veranda yangu tuuone. Vichipukizi vikaanza kuvimba. Vikawa vyekundu! Musyoka akapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele, akaambiwa anyamaze, watu wamefunga.

"Ngojeni," Mwalimu akasema. "Hayo ni maganda ya nje. Karibu kila mepo ina maganda mekundu. Jani lenyewe bado."

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kushika simu. Mtu anaweza kujua kitu kwa kichwa na mkono ukakataa kujua.

Siku ya siku ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na alikuja mapema kuliko kawaida. Aliweka chungu juu ya meza yangu ya nje. Tukasogea. Majani yalikuwa yamefunguka, madogo, laini, yenye vidole vitano, mazuri kweli. Ya kijani. Si kijani chenye wekundu pembeni, si kijani kinachosita. Kijani tu.

Nikatafuta neno la kuchekesha. Nikaishia kufuta meza.

"Labda yatabadilika," akasema Ambiyo, ambaye asubuhi za mfungo huwa haongei na mtu.

Mwalimu aliinama mpaka pua ikakaribia vikokoto, akakwangua shina kwa ukucha wa kidole gumba, pole pole, akizunguka. Kulikuwa na uvimbe pale chini, kovu lililojifunga zamani. Matawi yote yalikuwa yanatoka chini ya uvimbe huo. Juu yake hakukuwa na kitu isipokuwa kipande kifupi cha kijiti kikavu, ambacho sote tulikuwa tumedhani ni pambo.

Akainuka. Akavuta pumzi, akatuuliza kwa sauti ile ya darasani.

"Mwembe ukiunganishwa, machipukizi yanayotoka chini ya kiungo unayafanya nini?"

Yeye ndiye aliyetufundisha jibu, sisi au waume zetu au watoto wetu. Akamtazama Musyoka, na Musyoka, mtu mzima na wajukuu wake, akasimama wima.

"Tunayatoa, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si ya embe tuliyotaka. Ni ya mti wa chini."

"Na wa juu ukifa?"

Musyoka akaangalia viatu vyake. "Unabaki na ya kienyeji."

"Mwaka wangu wa kwanza hapa mti ulikauka kutoka juu," Mwalimu akasema. "Nilidhani umekufa wote. Halafu asubuhi moja nikaona kijani huku chini. Nilifurahi sana. Sikuuliza kilikuwa kinatoka wapi." Akagusa jani kwa kidole kimoja. "Deshojo ilikufa mwaka ule ule. Huu ni mti wa kubebea tu. Hauna hata jina."

Yeye aliyewakaripia wanafunzi wake kwa chipukizi moja la mwembe, alikuwa ameyalea haya, ameyafunga waya, ameyapa maji ya mvua. Sote tungefanya vile. Ukiamka mahali pa ugeni ukaona kitu kimeishi, unauliza maswali?

Mowlid akasogea mezani. "Mwalimu, hebu nikusaidie. Nipige picha, nipe dakika mbili na simu, naifanya red. Red kabisa. Mama hatajua tofauti. Akishafika hapa amefika."

Na msinihukumu, moyo wangu uliruka. Nilimwona Wavinya akishuka na virago vyake. Benchi la karibu na dirisha. Kwaya. Nikamwangalia Ambiyo, naye alikuwa ananiangalia, na hakuna kati yetu aliyesema hapana.

"Asante, Mowlid," Mwalimu akasema. "Yeye anaujua huo wekundu kuliko simu yako."

Watu wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akakumbuka kazi. Mwalimu akabaki. Akaketi kwenye benchi langu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikaona aibu kufurahi. Nikajifanya naosha vikombe. Akatoa simu. Masikio yake hayashiki vizuri siku hizi, kwa hivyo simu yake huwa kwa sauti ya nje, na siri zake zote za benki na za kliniki tunazijua.

Ililia mpaka nikadhani haitapokelewa.

"Haloo, nani?"

"Wavinya. Ni mimi."

"Oh. Mwalimu. Habari za huko? Mmepata mvua?"

"Bado."

"Hata huku imechelewa. Ben wetu alipiga jana, anasema mtoto wake ameanza shule."

"Ni vizuri." Akahamisha simu mkono mwingine. "Ule mti umeamka."

"Mti gani?"

Mimi nikaacha kikombe ndani ya maji.

"Ule wa mlangoni. Mwekundu."

"Aaa! Huo! Kumbe bado uko nao?"

"Umetoa majani. Ni ya kijani. Nilitaka nikuambie ukweli mwenyewe. Wa juu ulikufa zamani, huu ni shina la chini. Kwa hivyo hautatoka mwekundu tena. Si mwaka huu, si mwaka mwingine."

"Sawa," akasema Wavinya. Alikuwa na adabu, alikuwa anangoja habari yenyewe ifike. "Pole basi. Ulikuwa mti mzuri."

"Ulisema ukitoa mekundu utakuja."

"Nani alisema?"

"Wewe. Siku ile ninaondoka. Ulisema nikupigie simu, utakuja na virago tuishi."

Nyuma ya simu kulikuwa na sauti za wanawake, na mtoto akiambiwa aache kuchezea mlango. Halafu akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Ningependa kusema kilikuwa kibaya, ingekuwa rahisi kumchukia.

"Mimi nilisema hivyo? Mwalimu jamani. Mimi husema mambo mengi nikiwa naosha vyombo."

"Ulikuwa unaosha vyombo," akasema Mwalimu. "Ndiyo."

"Na wewe ukaweka hiyo miaka yote?"

Mwalimu akauliza kitu kingine, pole pole kama mtu anayeweka mguu gizani. "Na ungetoka mwekundu, ungekuja?"

Zile sauti za wanawake zikaanza wimbo, mmoja akamwita Wavinya kwa jina.

"Niko na watu wa ushirika hapa, chai inachemka," akasema. "Tutaongea siku nyingine. Kula vizuri, sawa? Usikae na njaa."

"Sawa."

Simu ikakata. Mwalimu akaitazama mpaka kioo kikazima. Halafu akainua chungu chake, akaniambia, "Asante, Mama Kyule," ingawa sikuwa nimempa chochote, hata maji. Akaenda. Nilipogeuka Ambiyo alikuwa mlangoni pake, amesikia yote. Tukaangaliana. Wanawake wawili tunaoweza kuongea kutoka alfajiri mpaka isha, na kila mmoja akarudi kwa kazi yake.

Jioni ile bakuli halikuja. Nikamwekea ndengu mpaka zikaganda. Kesho yake halikuja. Keshokutwa pia. Mama anayemfulia akasema hakuitwa. Hotelini watu waliuliza, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na habari yote, mwanzo mpaka mwisho, na sikutaka kuitoa. Nikawaambia Mwalimu ana mafua. Hoteli ilikuwa imejaa siku hizo, zilikuwa siku za watu kuuza mbuzi, meza zote zina watu, wanabishana na kuchekana, na mimi nilikuwa nikipita na birika katikati yao nikihesabu kiti kimoja ambacho hata hakijawahi kuwa chake.

Siku ya nne, jua likianza kulegea, Ambiyo akagonga ukuta.

"Mama Kyule. Twende."

"Wapi?"

"Unajua wapi. Na usibebe chakula, atadhani tunamhesabu na maskini."

Nikamwachia msichana wangu birika, nikavua aproni. Tukapita nyuma ya soko, kwenye ile njia ya vumbi laini kama unga. Ambiyo alikuwa na midomo mikavu ya mtu aliyefunga tangu alfajiri, lakini alitembea mbele. Mbele ya geti la mabati tukasimama kama wasichana waliotumwa kwa mwalimu mkuu. Kulikuwa kimya ndani. Kuku wa jirani alituona akaenda zake.

"Hodi!" nikaita. "Wenyewe!"

"Mwalimu!" Ambiyo akapiga mabati kwa kiganja. "Umehama bila kuaga? Watu wanaulizia friji! Nimekosa jibu!"

Tukasikia kandambili zikija polepole. Komeo likavutwa. Mwalimu alikuwa amevaa shati lake la kawaida, lakini vifungo viwili vya juu vilikuwa wazi na mikono imekunjwa mpaka viwiko. Alikuwa ameshika mwiko. Nyuma yake, kwenye kivuli cha wavu, miti yake midogo ilikuwa imepangwa ukutani, na moshi ulikuwa unatoka kwenye mafiga matatu nje ya jikoni.

"Ni nini?" akauliza. "Kuna mtu amekufa?"

"Tulidhani ni wewe," akasema Ambiyo.

Akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kosa la hesabu.

"Hujaja kwa chakula," nikamwambia. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza, ilikuwa ndogo.

"Nimekuwa nikipika." Akageuka kutazama moto kama aliyeshtukizwa nao. "Muthokoi. Nilinunua sufuria nikiwa Mwingi, ile kubwa. Haipiki ya mtu mmoja. Nimejaribu. Ukiweka mahindi kidogo yanaungua, ukiweka ya kutosha yanakuwa mengi. Tangu juzi nakula hayo hayo."

Ambiyo akanusa hewa. Maharagwe, mahindi yaliyotwangwa, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia. Akaangalia jua, lilikuwa bado juu ya paa za soko, jekundu, halina haraka.

"Mimi nimefunga," akasema.

"Najua umefunga."

Nilimwona Mwalimu akishika geti kwa mkono wa kushoto, na kwa muda nilidhani atalifunga, atasema siku nyingine, Mama Kyule. Badala yake akalisukuma mpaka likagonga ukuta, akasogea pembeni, na mwiko wake ukawa unaonyesha ndani.

"Basi ingia uungoje wakati wako ndani, Ambiyo. Kuna kiti. Mama Kyule, na wewe pia, usisimame hapo nje. Ingieni. Chakula kipo."